Bwana Hakufoka

Juzi umeme ulikatika hapa Bukoba, na mjukuu wangu alikuwa na sare mbichi na asubuhi yake mtihani. Mama yake akaazima pasi ya mkaa kwa jirani, ile yenye jogoo kwenye kifungio. Akaipepea mpaka ikashika moto, akaipitisha juu ya kaptula ya kaki iliyokuwa bado na unyevu, na mvuke ukapanda. Mimi nilikuwa nachambua maharage. Nikaacha. Wenzangu wa umri wangu mnaijua harufu ile, mkaa na maji na kaki. Kwangu mimi ni harufu ya baba yangu asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa. Mjukuu akaniuliza, "Bibi, mbona unalia?" Nikamwambia ni moshi. Moshi gani, jamani, na mkaa ulishawaka wote.

Baba tulimwita Tata, kama Wahaya wote wanavyomwita baba. Mama tulimwita Mae. Tata alikuwa mwalimu wa shule ya misheni kwenye vilima vya Muleba, enzi ya Mwingereza, na alikuwa ndiye peke yake pale aliyefundisha Kiingereza. Tulikaa nyumba ya mwalimu, yenye bati. Mnaosoma haya mkiwa na bati juu ya vichwa vyenu hamjui bati lilikuwa nini wakati ule. Mvua ikinyesha, watoto wa jirani walikuja kusimama ndani kwetu wasikilize tu. Mimi niliona fahari mpaka nikawa msumbufu. Niliwaambia, "Msiguse ukuta, nyumba hii ni ya mwalimu," kana kwamba niliijenga mimi.

Tata alikipenda Kiingereza kupita kiasi. Mae alikuwa akisema, "Mume wangu ana mke mwingine, ila huyo halimi." Jioni, wakati Mae anamenya ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, Tata alichukua kisu cha pili akamsaidia, jambo ambalo wanaume wengine walilicheka, na huku anamenya anatufundisha mimi na mdogo wangu Rwiza. Siku moja akatuambia kwamba Waingereza wana maneno mengi ya kumwambia mtu amekosa, kama sisi tulivyo na majina mengi ya ndizi. Na kama vile ndizi ya kupika si ya pombe, neno la kosa dogo halitumiki kwa kosa kubwa. Akachagua ndizi kwenye chane, akazipanga juu ya jani kuanzia ndogo kwenda kubwa, na kila moja akaipa neno.

Ile kubwa kabisa ilikuwa "condemn". Hiyo, alisema, ni ya hakimu na ya Mungu, mtu akishaipata amekwisha. Iliyofuata ilikuwa "rebuke", ya mchungaji akiwa mimbarini, amenyoosha kidole na watu wote wanatazama miguu yao. Kisha "scold". Hapo Tata alichukua kitambaa cha Mae akajifunga kichwani, akashika kiuno, akaanza kufoka kwa sauti ya Mae kuhusu mtungi uliovunjika, na Mae akamrushia maganda huku anacheka mpaka machozi. Kisha "blame", ya kumnyooshea mtu kwamba wewe ndiye. Kisha "criticise", ambayo ni ya walimu, ya wino mwekundu. Na mwisho kabisa, pembeni ya jani, kandizi kembamba kasikofaa hata kumenywa. Hako kalikuwa "disappointed".

"Hilo halimpigi mtu," Tata alisema. "Ni moyo wa mwenzako tu umesinyaa kidogo kwa sababu yako. Utamkuta kesho umefunguka."

Basi ukawa mchezo wetu. Rwiza akimwaga maziwa, mimi napiga kelele, "Scold!" Mae akifoka kweli, tunashindana kutaja ndizi aliyofikia. Na Mae alijua kufoka. Mae aliporarua koo, watu wa kilima cha pili walisimama wasikilize ni mtoto yupi leo. Siku hizi nasikia vijana wanasema wazazi wa zamani walikuwa wakali mno, walituharibu. Mimi hainiingii akilini. Mtu wa kwetu akikufokea alianza na kosa lako, akapita kwa mjomba wako aliyekuwa mvivu, akarudi kwako, kisha akamaliza na kusema, "Haya, njoo ule." Na ukila yamekwisha. Hakuna aliyekurudishia kosa lile kesho yake. Nilidhani dunia nzima inafoka hivyo.

Tata alikuwa na mdogo wake mmoja tu, baba yetu mdogo, mvuvi wa kambi za kisiwa cha Goziba. Alikuwa mtu wa vicheko, akija kwetu ananuka samaki na Mae anamlazimisha kuoga kabla hajakumbatia mtoto. Siku moja mtu alikuja mbio kutoka ziwani wakati Tata yuko darasani. Mtumbwi ulipinduka. Wenzake walifika ufukoni, yeye hakuonekana.

Tata alitoka darasani na chaki mkononi. Wazazi wao walikwisha kufa, ndugu yake hakuwa na mke wala mtoto, na kwetu mtu lazima alale kwenye kibanja cha kwao, kati ya migomba, pamoja na baba na babu zake. Kulala kwingine ni kupotea. Bwana, yule Mzungu msimamizi wa shule ambaye tulimwita hivyo tu, alikuwa amekwenda Bukoba mjini, na kumsubiri kulikuwa ni kumwacha marehemu majini. Tata aliwaachia darasa wanafunzi wakubwa, akawapa hesabu za kufanya, akashuka ziwani na yule mjumbe. Hakumwachia mtu yeyote neno la kumpa Bwana. Alidhani atarudi upesi.

Hakurudi upesi. Goziba huendi ila kwa mtumbwi, na ziwa hutoa linapotaka lenyewe. Tata alikaa kule akizunguka kisiwa na wavuvi kila asubuhi mpaka wakampata. Wakamfunga kwenye lubugo, lile vazi letu la gome la mti, wakamvusha, wakampandisha kwa machela mpaka Kimwani kwenye kibanja cha ukoo. Sisi tulikwenda kumzika. Tata alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa jua, na hakulia. Alishughulika tu. Nani apewe kahawa ya kutafuna, nani alale wapi, kamba za machela zirudishwe kwa wenyewe.

Tuliporudi Muleba ndipo tuliposikia. Wakati Tata yuko kisiwani, Bwana alikuja shuleni na mkaguzi wa serikali. Wakakuta darasa la Tata halina mwalimu. Watoto wengine walikuwa juu ya mipera, na mmoja alikuwa amelala chini ya meza. Mkaguzi alimtazama Bwana, Bwana akawa mwekundu, wakaondoka bila kunywa chai.

Nyumbani hatukuzungumza kitu kingine. Kazi ya Tata ilikuwa ndiyo bati letu, chumvi yetu, ada yetu, na jina letu. Mae alipanga kwa sauti: wakimkata mshahara tutauza mbuzi, wakimhamisha Ngenge tutakwenda Ngenge, huko nako watu wanaishi. Kufukuzwa hakukutaja. Tata alipiga pasi kaki yake kila asubuhi, akaenda kufundisha, akasubiri.

Bwana akaja alasiri moja kwa baiskeli. Mae alijificha jikoni na Rwiza. Mimi, nikiwa mkubwa, ndiye niliyetumwa kupeleka kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri, ndani ya kikapu kidogo, kwa magoti kama binti aliyefunzwa. Bwana alichukua punje moja kwa adabu, akaishika mkononi. Waliongea Kiingereza. Sikuelewa yote, lakini nilikuwa na kazi yangu. Nilikuwa natafuta ndizi.

Sikusikia "condemn". Sikusikia "rebuke", wala "scold", wala hata "blame". Bwana aliongea taratibu, anatazama kofia yake. Alitoa pole ya msiba. Alisema hakasiriki. Kisha akasema amekuwa "disappointed", na kabla ya neno hilo akaweka jingine la kulipunguza zaidi, kidogo tu, yaani kidogo cha kidogo. Akasema pengine Mwalimu amechoka, pengine ni vizuri apumzike. Tata alijibu, "Asante, Bwana." Walishikana mikono. Bwana alinipapasa kichwa, akapanda baiskeli yake akaondoka.

Nilikimbia jikoni nikamwagika kwa furaha. "Mae, hakumfokea! Ni lile la pembeni! Lile lisilomenywa!"

Mae alikaa chini pale pale kwenye majivu. "Una hakika?"

"Muulize Tata!"

Tata aliingia amesimama wima. Mae akamuuliza kwa macho. Akasema, "Mtoto amesikia vizuri. Ni lile dogo." Na akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu Goziba. "Amesema hata nipumzike kwa ajili ya msiba. Ana utu, Bwana."

Jamani, siku ile tulikula! Mae alichinja jogoo aliyekuwa amemweka kwa ajili ya Krismasi. Tuliimba nyimbo za kanisani mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, nami nikamweleza jirani, na wake wa walimu wengine, na wasichana kisimani, kwamba baba yangu hakufokewa. Na Tata akapumzika kweli, kama alivyoambiwa. Alikaa nyumbani, akapanda maboga, akanisikiliza nikisoma, akingojea kuitwa arudi darasani.

Aliyekuja ni kijana. Alikuja asubuhi, amevaa viatu vipya vilivyokuwa vinamuumiza, na nyuma yake wapagazi wawili, mmoja na kitanda kichwani na mwingine na sanduku. Alisimama uani, akakunja mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeletwa kufundisha Kiingereza." Alitazama kitanda chake, akatutazama sisi mlangoni, mimi na Rwiza na Mae, na nikaona jasho linamtoka. "Waitu, mzee wangu, nisamehe. Niliambiwa nyumba iko wazi."

Kuku walikuwa wanapekua maboga ya Tata, na hakuna aliyewafukuza. Halafu Tata akasema, "Koku, leta kahawa, tuna mgeni." Akamkaribisha yule kijana ndani, akamwonyesha pale bati linapovuja, na mlango wa nyuma unavyotakiwa kuinuliwa kidogo ndipo ufunge. Akamwambia ni watoto gani wanasoma vizuri. Mae alikuwa ameshaanza kukusanya sufuria.

Siku ile ile Tata alinishika mkono tukaenda kwa Bwana. Sijui kwa nini alinichukua mimi. Labda aliogopa kwenda peke yake, au alitaka Bwana aone kwamba mtu huyu ana mtoto. Tulimkuta bustanini anakata maua yaliyonyauka kwa mkasi mdogo. Tata alivua kofia. Hakuongea Kiingereza. Mtu aliyekipenda Kiingereza namna ile, siku ile hakikumtoka.

"Bwana, nilikosa," alisema. "Sikuleta neno. Nifokee, Bwana. Niite mjinga mbele ya shule yote. Nicharaze hata viboko, kisha nirudi kazini."

Bwana aliona aibu. Hiyo niliiona wazi, alikuwa na aibu kwa ajili yetu, naye akaanza kuuzungusha ule mkasi. "Hapana, hapana, Mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Hakuna haja ya mambo hayo. Mimi si mtu wa kufoka. Sina hasira hata kidogo. Nenda kwa amani." Akaingia ndani akarudi na biskuti, akanipa. Nami niliila njiani. Ilikuwa tamu, tamu sana, na mpaka leo najichukia kwa utamu ule.

Tulihamia Kimwani, kwenye kibanja alikolala baba mdogo. Nyumba ya nyasi, moshi, viroboto. Hayo yote mtoto anayazoea upesi. Nilichoshindwa kuzoea ni Tata. Aliacha kutuambia tumekosa. Rwiza alivunja kioo cha taa, kioo cha pekee tulichotoka nacho Muleba, akakimbilia migombani kusubiri kishindo. Kishindo hakikuja. Tata alifagia vipande, akavifunga kwenye jani, akavitupa shimoni, akarudi kukaa kwenye kigoda chake karibu na kaburi la ndugu yake. "Haidhuru," alisema. Rwiza alilia zaidi ya kama angepigwa. Nilianza kuogopa usiku na mchana. Niliona Tata anatuacha kidogo kidogo, kama Bwana alivyotuacha, kwa upole huo huo.

Mvua za kupandia zilipokuja Mae alilima peke yake. Alirudi na mgongo umekunjika, akapika, akampa Tata chakula, na Tata akakigusa tu. Wanaukoo walikuja, wakasema anaombolezea ndugu. Si kweli, au si yote. Ndugu yake alikwisha kumzika vizuri. Alikuwa bado anasubiri kile ambacho Bwana alikataa kumpa.

Mimi nilikuwa mtoto, nikatumia akili ya mtoto. Nikasema nitafanya kosa kubwa kiasi kwamba lazima afoke. Maharage ya Mae yalikuwa yamechipua, mistari mizuri, ndiyo chakula chetu cha miezi yote iliyobaki. Nilifungua mbuzi nikamwongoza mle kwa mkono wangu mwenyewe, nikasimama nikimtazama Tata aone ni mimi. Aliona. Mbuzi alikula mstari, akaanza wa pili. Tata akainuka, nikajiandaa. Akamshika mbuzi kamba, akamtoa, akamfunga. Akanipita bila neno, akakaa.

Ndipo Mae alipotokea kutoka kisimani. Alitua mtungi. Jamani, alifoka! Alianza na mimi, shetani gani amenituma, akapita kwa shangazi yangu aliyeunguza nyumba, akarudi kwangu, na mimi nililia kwa hofu na kwa raha pamoja, kwa sababu nilikuwa sijasikia sauti ile tangu tuondoke Muleba. Nilitegemea amalize, aseme njoo ule. Badala yake akageuka.

"Na wewe!"

Enzi zile mwanamke hakumfokea mume. Labda chumbani, kwa kunong'ona. Uani, mchana, kwa sauti ya kusikika barabarani, hakuna niliyepata kumwona. Mwanamke wa jirani aliyekuwa anapita alisimama na mzigo wake wa kuni kichwani. Rwiza alinishika nguo.

"Na wewe, Baba Koku! Umekaa hapo tangu lini, mgeni wa nani? Ulikosa! Nimesema ulikosa! Wenzio hawakuwa na ulimi wa kukwambia, mimi ninao! Uliwaacha watoto wa watu juu ya mipera! Mdomo ulikuwa nao, hukutuma hata neno! Ukamwaibisha Bwana aliyekupa kazi! Ukatutoa kwenye nyumba ya bati ukatuleta kwenye viroboto! Mjomba wako naye alikuwa hivyo hivyo, kichwa kikubwa, masikio hakuna!" Alikuwa analia huku anafoka, kamasi zinamtoka, hakuzifuta. "Na ndugu yako ulimleta nyumbani. Hilo ulifanya. Hilo hakuna atakayekunyang'anya. Sasa unataka nini tena? Nani atalima? Nani atamfokea huyu mtoto wako aliyelisha mbuzi maharage? Inuka hapo!"

Tata aliinuka. Nikaona machozi yanamshuka mpaka kidevuni, yale ambayo hayakutoka kisiwani wala kaburini. Mae alipoyaona akashtuka, akaziba mdomo kwa mkono. Nadhani alikumbuka ghafla kwamba yeye ni mke na kwamba jirani anatazama.

Tata akautoa ule mkono mdomoni mwake, taratibu, akaushika.

"Usinyamaze, Mama Koku," alisema. "Endelea."